Nilivyomnyima Mama Mathilde Maji

Mimi na Mama Mathilde tulianza kwa ugomvi. Niseme hivyo mapema, maana kuna watu hapa Kakuma wanaodhani urafiki wetu ulishuka kutoka mbinguni. Nilimpelekea mzigo wa kuni, akaufungua pale pale mlangoni, akapitia kijiti kimoja kimoja, akatenga viwili. Akaniambia hivi ni vibichi, vitatoa moshi, mkate utanuka. Viwili tu! Katika mzigo mzima nilioubeba kichwani kutoka ng'ambo ya laga ya Tarach, ule mto mkavu! Nilimwambia avitafune na chai. Akacheka, akanihesabia mikate sita kama tulivyopatana, halafu akaongeza wa saba.

"Huu ni wa hasira," akasema. "Kula, utapoa."

Basi nikarudi juma lililofuata, na lililofuata, na sasa ni miaka kumi na moja. Mimi ni Akuwam, Mturkana, mzaliwa wa Kaaleng, nimeolewa hapa Kakuma mjini. Yeye ni Mkongomani wa Uvira, anaishi kwenye kambi ya wakimbizi, anaoka mikate kwenye tanuri la udongo alilolijenga kwa mikono yake. Mume alimpoteza njiani, na hilo sijawahi kumuuliza. Mwanawe Serge yuko Kanada. Binti yake Inès yuko Kalobeyei, kambi ya jirani, na mumewe. Amenipita miaka kumi na mitatu, kwa hiyo mimi namwita mama, naye ananiita mudogo yangu, yaani mdogo wake, kwa Kiswahili chao cha Kongo.

Mama Mathilde ni mtu wa masharti. Unga anapima, hamira anapima, muda wa mkate kukaa ndani anaupima kwa taarifa ya habari ya redio. Ukimwambia jambo lina sharti, umemfurahisha. Kwa hiyo miaka miwili iliyopita, walipompima kliniki wakamwambia ana presha, hakulia wala hakuogopa. Aliuliza tu: masharti ni yapi? Wakamwambia ameze kidonge kimoja kila asubuhi, kinaitwa amlodipini, na apunguze chumvi. Kidonge hakukikosa hata siku moja. Chumvi hakuipunguza, aliifukuza nyumbani. Hata kwenye mkate aliitoa, mpaka Mabior, yule mwenye duka wa kutoka Sudan Kusini, akarudisha mikate minane akisema hajaagiza sifongo.

Nikamwambia, "Mama, walisema punguza."

"Kama kidogo ni kizuri, kukosa kabisa ni kizuri zaidi," akanijibu. Ukibishana naye unachoka wewe.

Mwezi wa pili mwaka huu presha ilipanda tena, wakamwongezea dawa, kutoka miligramu tano hadi kumi. Miguu ikaanza kuvimba kidogo jioni. Wakamwambia hilo hutokea kwa dawa hiyo, ainue miguu akilala. Sawa. Lakini kuanzia mwezi wa tatu akawa na mambo mengine. Kichwa kinamuuma. Chakula kinamkinai. Anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya tanuri, mtu aliyekuwa hakai, ananitazama kama aliyeamshwa usingizini.

Na huo mwezi wa tatu mnaujua. Jua la Turkana mwezi wa tatu halina adabu. Kila mtu alikuwa na jibu moja: ni joto, anywe maji. Majirani walisema anywe maji. Wamama wa kwaya walisema anywe maji, na wengine wakamletea ya kuombewa, chupa kwa chupa. Picha iliyobandikwa ukutani kliniki ilisema vivyo hivyo. Na mimi, jamani, mimi ndiye niliyekuwa askari wao mkuu.

Mniwie radhi nieleze. Nimekulia mahali ambapo tulikuwa tunaondoka alfajiri kufuata maji na kurudi jua likiwa utosini. Nyumbani kwetu mtungi ukifika, anayekunywa kwanza ni mgonjwa, halafu mgeni, halafu watoto. Mama yangu alikuwa anakunywa mwisho, na siku nyingine alisema hana kiu. Kwa hiyo kwangu mimi kumpa mtu maji si kazi, ni kumpenda. Nilimpelekea Mama Mathilde mtungi wa lita tano kila asubuhi pamoja na kuni, nikasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Kunywa."

"Mudogo yangu, nimeshiba mayi."

"Kunywa nikikuona."

Akanywa. Alikuwa ananitii, masikini. Nilimwambia ni sharti, na mimi nilijua anavyopenda masharti.

Juma moja baadaye alichoma mikate yote ya asubuhi. Kesho yake aliikanda bila hamira. Keshokutwa yake nilimkuta anaulizia funguo za nyumba ya Uvira, nyumba ambayo haipo tena. Walimpima malaria, hana. Wakampima tena, hana. Mama mkwe wangu alinishauri tuchinje mbuzi mweusi tumpake majani yaliyomo tumboni mwake, na nisiwadanganye, niliulizia mbuzi. Nilikuwa nimeogopa. Nikamwongezea maji.

Siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, alianguka kando ya tanuri. Mwili ukakaza, macho yakapinduka, mate yakatoka. Kifafa, mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa katika miaka sitini na moja! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakata. Vijana wa jirani walimbeba kliniki, na kabla ya adhuhuri ambulensi ilikuwa inampeleka hospitali ya Lodwar.

Inès alikuwa na mtoto wa siku tisa, hawezi kusafiri. Wengine wote kambini walihitaji kibali cha kutoka, na kibali hakingoji mtu aliyepoteza fahamu. Mimi ni mwenyeji, nahitaji viatu tu. Nikapanda.

Daktari wa wodi alikuwa kijana wa kwetu, Daktari Losike, anayeongea polepole mpaka unataka kumsukuma. Walitoa damu, wakapima, wakapima tena kwa sababu hawakuamini. Halafu akaniita pembeni.

"Mama, madini ya chumvi katika damu, yaani sodiamu, yanatakiwa kuwa kama mia na thelathini na tano hivi au zaidi. Ya mgonjwa wako ni mia na kumi na mbili."

"Nilimwambia asitoe chumvi yote kwenye mkate!"

"Si hilo hasa. Chumvi haijaisha. Ni maji yamezidi."

Nilimtazama. Nikafikiri jua limempata na yeye.

Akanieleza, na nitawaeleza kama alivyonieleza. Ndani ya kichwa kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya kuziambia figo zitunze maji. Ukiwa porini huna maji, homoni hiyo ndiyo inayokuokoa. Ukinywa ukashiba, inanyamaza, na figo zinamwaga kilichozidi. Ya Mama Mathilde ilikuwa hainyamazi. Maji yakiingia, hayatoki. Mkojo wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyeshinda jangwani, ilhali amekunywa kama ngamia. Damu yake ikawa kama mchuzi ulioongezwa maji mara tatu, na ubongo ukaanza kuvimba. Ndiyo maana alisahau hamira. Ndiyo maana alianguka.

"Sasa," akasema akifungua karatasi, "alikuwa anakunywa maji mengi? Nani alikuwa anampa?"

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Haki ya Mungu, nilitamani sakafu inimeze.

Hakunikemea. Alisema kwa mtu mwenye afya maji yale yangetoka tu, na kila mtu Turkana angefanya kama mimi. Kilichobaki ni kujua kwa nini homoni imekataa kunyamaza. Walimpiga picha ya kifua, wakatafuta kifua kikuu, wakatafuta uvimbe, wakapima tezi ya shingo na figo. Kote safi. Ikabaki orodha ya dawa anazotumia, na kwenye orodha kulikuwa na dawa moja tu.

"Amlodipini?" nikauliza. "Si ya presha hiyo?"

"Ni ya presha, na ni dawa nzuri. Iko katika kundi la dawa zinazoizuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa. Mishipa inalegea, presha inashuka. Bibi yangu mwenyewe anaimeza. Hili la homoni ni nadra sana, ni wagonjwa wachache walioandikwa, mimi sijawahi kumwona hata mmoja. Siwezi kukuapia. Lakini shida imeanza baada ya kuongezewa. Tutaisimamisha, tumpe ya kundi lingine, tuone."

Walishampa chumvi kidogo kwa njia ya mshipa, kwa matone ya kuhesabu, kwa sababu ikipanda haraka nayo inaharibu ubongo. Baada ya hapo, akasema, tiba ni moja. Maji, chai, uji, maziwa, vyote kwa jumla, visizidi vikombe vinne vidogo kwa siku nzima.

Lodwar! Nje kulikuwa na joto la nyuzi thelathini na tisa, hata mbuzi walikuwa wamelala. Vikombe vinne!

"Wewe ni Mturkana kweli?" nilimwambia kwa lugha yetu, na sauti ilikuwa juu. "Mama yako alikufundisha kumnyima mgonjwa maji?"

"Hapana," akanijibu kwa lugha yetu hiyo hiyo. "Nilifundishwa baadaye. Haikuwa rahisi."

Siku ya kwanza na ya pili nilifuata sharti. Sodiamu ikapanda ikafika mia na kumi na nane. Mama Mathilde akafungua macho, akaanza kutambua watu nusu nusu, na alipofungua macho ndipo kiu ilipomkamata. Midomo ilikuwa imepasuka. Aliniangalia akasema polepole, kwa heshima, kama mtu anayeomba kwa jirani.

"Mayi, mudogo yangu. Kidogo tu."

Nilimwambia vikombe vimeisha. Akasema ndiyo, ndiyo, halafu baada ya dakika tano akaomba tena. Aliomba kutwa nzima. Alasiri ya siku ya tatu nikashindwa. Muuguzi alipokwenda upande wa pili, nikatoa chupa ya lita moja na nusu kwenye mkoba wangu, nikamwinua kichwa. Alikunywa na macho amefumba. Nilijisikia vizuri, sitaki kuwadanganya. Nilijisikia kama binadamu kwa mara ya kwanza tangu tufike Lodwar. Nikampa mpaka ikaisha.

Asubuhi iliyofuata hakujua jina langu. Alikuwa anavuta shuka na kuongea na watu wasiokuwepo. Damu ikapimwa: mia na kumi na tatu. Daktari Losike alisimama na ile karatasi akiitazama, akaigeuza, akasema haelewi, dawa imesimamishwa, vikombe ni vinne, imerudije chini? Akaanza kusema pengine wamekosea, pengine kuna ugonjwa mwingine, pengine ampeleke Eldoret.

Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini nikaona wanaanza kutafuta ugonjwa ambao ulikuwa kwenye mkoba wangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpa chupa nzima."

Alivuta kiti akaketi, kwa hiyo macho yetu yakalingana.

"Mama Akuwam, sikiliza. Akianguka kifafa kingine sasa, anaweza asiamke. Au akaamka na asiwe yule unayemjua. Mimi nina wagonjwa arobaini, muuguzi ana wagonjwa arobaini. Siwezi kumlinda na wewe. Ni wewe tu unayeweza kumlinda na wewe."

Nilikwenda Nawoitorong, hapo hapo Lodwar, kwa binamu yangu, nikaoga, nikarudi. Nilikuwa nimejikasirikia.

Siku zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote nilizoishi, na mimi nimezika mtoto. Kikombe cha asubuhi, cha saa sita, cha saa kumi, cha jioni. Katikati yake nilikuwa nalowesha kitambaa, nakikamua kabisa, nampangusa midomo. Nilimsukutua kinywa na kumshikia beseni, nikimbana mashavu asimeze. Akili zikawa zinamrudia kidogo kidogo, na kadiri zilivyorudi ndivyo alivyozidi kujua kumtukana mtu. Alisema mimi ni mubaya. Alisema nimemfuata Lodwar ili afe nichukue tanuri. Alisema sote Waturkana tulitaka waondoke tangu mwanzo. Nilimjibu, "Sawa, mama." Mimi! Mimi ambaye kwa vijiti viwili nilikuwa tayari kuvunja urafiki!

Kitanda cha pili kilikuwa na bibi mmoja wa Lokichar, amevunjika nyonga, hana kazi ila kunichunguza. Siku ya sita, mchana, uvumilivu ukamwisha.

"Wewe ni mwanamke gani?" akasema, na wodi nzima ikasikia. "Tangu juzi mgonjwa analia maji, umekaa naye hapo kama fisi. Lete mkono, mama wa watu, chukua."

Akanyoosha chupa yake, imejaa, bado ina ubaridi, na Mama Mathilde akaidaka kwa mikono miwili. Sijui nguvu alizitoa wapi. Alikuwa ameshafungua kifuniko.

Niliinyakua. Mnadhani niliimwaga? Kumwaga maji ya mtu sakafuni sikuweza, mkono ulikataa. Kumrudishia bibi ni kungoja nigeuke ampe tena. Basi nikaitia kinywani mwangu. Nikanywa. Nikainywa yote, nimesimama, mbele ya macho ya Mama Mathilde, naye akiangalia koo langu likipanda na kushuka. Sikuwa na kiu. Yalikuwa matamu na yalinikaba. Machozi yalinitoka nikiwa bado nakunywa, yakapita mashavuni yakaingia kwenye ushanga, na sikuacha kunywa mpaka chupa ikawa tupu.

Bibi wa Lokichar akageukia ukuta. Mama Mathilde hakuniomba tena siku ile wala iliyofuata.

Siku ya saba ilikuwa mia na ishirini na nne. Siku ya tisa, mia na thelathini. Presha ilikuwa imetulia kwa dawa mpya, na ule uvimbe wa miguu ulikuwa umepungua nusu. Daktari Losike alisema bado hawezi kuapa, lakini anavyoona ni dawa ile, na ameandika kwa herufi kubwa kwenye kadi yake asipewe tena. Akatuonya pia: wenzake wenye presha wasiende kutupa vidonge vyao kwa kusikia habari hii, waende wapimwe. Yeye mwenyewe arudi kupimwa damu kila juma kwanza. Maji mpaka hapo ni kwa kipimo. Mama Mathilde akamwomba aandike kipimo chenyewe kwenye karatasi, na asiandike "kidogo", aandike namba. Hapo nikajua amerudi. Nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikamshukuru Mungu.

Tulikaa kwenye benchi la barazani kungoja gari la kurudi Kakuma. Alikuwa amekonda, kitambaa cha kichwa kimemlegea.

"Sikumbukie mambo mingi," akasema. "Tanuri, hapana. Gari, hapana. Kama nilikutukana, utanihadisia."

"Hukunitukana."

"Unadanganyaka vibaya." Akaniangalia. "Kitu kimoja ndiyo ninakumbuka. Ulisimama pale, ukakunywa mayi yangu yote. Na ulikuwa unalia."

Nilichezea ushanga.

"Nikasema, basi, Akuwam analia, daktari amemwambia mi nakufa. Nikaanza kusali sala ya mwisho."

"Hapana, mama," nikamwambia. "Sikulia kwa sababu unakufa. Nililia kwa sababu ulikuwa na kiu."

Akanishika mkono. Akaubana sana, na wake ulikuwa mifupa mitupu. Tukakaa hivyo mpaka dereva akatuita, na hapo akaniegemea ili anyanyuke, akaninong'oneza sikioni.

"Siku ingine ukitaka kulia, uende mbali na kitanda yangu. Machozi nayo ni mayi."